Pale Uliposimama, Mwisho wa Miti

Mwaka umezunguka, Baba, tangu ulipotuacha Juni ile ya 1976, hapa kijijini Kasoli, pamba ikiwa bado shambani. Mama akiivisha ugali hukuita kwa jina, kisha hubaki ameshika mlango mpaka ugali unapoa.

Mayala Maganga, unajua nani anakukosa kuliko sote. Nyanjige alikuwa mdogo ugonjwa wa kupooza ulipomkausha miguu. Jamaa walisema katupiwa jambo, wakataka mbuzi mweupe. Uliwapa mbuzi, ukawapa na asante, kisha ukambeba binti yako mgongoni hadi zahanati.

Mganga wa pale hakukuficha. Dawa ya kuirudisha miguu hakuwa nayo, lakini viungo visipofanyishwa kazi kila siku vingekakamaa, na hata kilichosalia kingepotea. Ulirudi na maneno hayo tu. Uling'oa miti miwili mirefu ya lango la zizi, ukailaza sambamba juu ya nguzo fupi, kimo cha kiuno chake. Kila alipokua, uliipandisha.

Asubuhi ulimkanda magoti kwa kitambaa cha maji ya moto, ukayanyoosha taratibu mpaka aseme basi. Kisha alishika miti, nawe ukamtangulia kinyumenyume, mikono umeinyoosha bila kumgusa.

"Njoo, ng'wanone, mwanangu. Hata fimbo ya babu yako inakushinda kutembea."

"Fimbo haina baba msumbufu," alikujibu, akajivuta.

Jirani yetu Joakim alipita na ng'ombe wake akacheka. "Mayala, siku hizi unafuga mtoto zizini?"

"Ndiyo. Na lango nimeling'oa."

Baadaye Joakim huyohuyo alimleta mpwa wake mwenye mguu mmoja uliolemaa. Hukumkumbusha neno lake. Ulimwambia akachemshe maji.

Siku serikali ilipotuhamishia kijijini hapa, gari lilikuwa moja na nafasi haikutosha. Ulipakia miti, ukaacha kitanda.

"Baba Nyanjige," Mama aliuliza, "tutalala juu ya miti?"

"Tutalala chini. Huyu mtoto ndiye asiyetakiwa kulala."

Ulipoondoka, Nyanjige alitandika ngozi ndani akakaa. Wiki zilipita, magoti yakaanza kujikunja tena, nasi tuliona. Mwanao Masele, ambaye hajui kushindwa, alikwenda kusimama mahali pako. Alirudi kinyumenyume kama wewe, akaimba beti alizozitunga mwenyewe.

"Kaka," Nyanjige alimwambia, "unakwenda mbio. Na mashairi yako marefu, nachoka kabla hujafika kwenye kina."

Alirudi kwenye ngozi yake. Masele alikasirika, kisha akaenda nyuma ya nyumba asionekane.

Hatukumlazimisha tena. Lakini asubuhi moja Mama alikuta moto umewashwa na sufuria iko jikoni. Nyanjige alikuwa akijikanda magoti mwenyewe, ameuma kanga. Tangu hapo, sisi tukienda shamba la kijiji, yeye hubaki na miti yako. Hakuna wa kumtania. Tukiwa mbali na majembe yetu tunajua anatembea, na hakuna anayemwona.

Ila hafiki mwisho, Baba. Njia iliyo kati ya miti imekuwa nyeupe kwa nyayo zake, lakini pale ulipokuwa ukisimama kumpokea pameota nyasi. Huishia hapo, akageuka. Masele alipokuja na jembe kupasafisha, alimzuia.

"Paache. Pana mwenyewe."

Leo asubuhi tulisimama kando sote, kwa ajili ya siku yako. Nyanjige alikuja polepole mpaka ukingo wa nyasi. Safari hii hakugeuka. Aliachia mti wa kulia, akaachia na wa kushoto, akanyoosha mikono mbele kama alivyozoea ukiwa pale.

Hakukuwa na wa kuipokea. Mama alitushika nguo tusimkimbilie. Nyanjige alibaki amesimama hivyo, mikono mitupu, miguu ikimtetemeka, na hakuanguka. Kisha akakanyaga nyasi.

Unakumbukwa na mkeo Minza, mwanao Masele, dada yako Mhoja wa Migato, Joakim na mpwa wake, ambao maji yao huchemka kila kukicha, na binti yako Nyanjige, aliyesimama mahali pako leo akapaona pakubwa.

Hatutakusahau, Baba, siku zote za maisha yetu.