Kitabu kilichopinduliwa

Zulfa upo? Kaka Muksini kajifungia stoo analia. Muksini huyu huyu!!

Unajua alivyokuwa akijisifu kwamba Kuluthumu wake, miaka sita tu, anasoma juzuu ya Kurani anatiririka kama maji. Leo ustadhi kaja hapa mgahawani kwetu, kampindulia kitabu juu chini. Mtoto akaendelea kusoma vilevile! Juu chini, Zulfa! Kumbe kakariri kwa kusikia, herufi hajui hata moja.

Muksini akamchapa hapa hapa mgahawani, anafoka eti mkaidi, mbele ya wakimbizi walioshushwa kwenye mabasi wapate chakula. Mrundi mmoja kati yao akamdaka mkono.

"Mimi ni daktari wa watoto. Acha. Huenda si ukaidi. Watoto wa namna hii, wasioshika herufi, wamepigwa picha za ubongo, zikaonyesha tofauti hata kabla hawajaanza kusoma. Mara nyingi hali hii inatoka kwenye ukoo. Nani kwenu alishindwa kusoma?"

Muksini kainamia sakafu.

Yeye ndiye msomaji wetu wa Maulidi hapa Nyakanazi miaka kumi na miwili, Zulfa, kitabu wazi mapajani!!

Akasema, "Mimi. Huwa nafunguafungua tu kurasa."

Kisha akamng'ang'ania daktari shati: "Nimfanyeje? Nifundishe!" Daktari akasema mtoto anafundishika, ila kuna njia yake. Anaanza tu kuieleza, honi ikalia. Basi la kambini, likaondoka naye. Hata jina hatukumwuliza.

Kuluthumu akamtazama baba yake: "Na wewe walikuchapa?"

Ndipo Muksini alipoingia stoo.