Cheti cha Marehemu Janeffer

Masese, hawa wakubwa wetu hawana haya. Hawana haya kabisa!

Leo tumefunga mwaka wa tisini na nne kwa gumbaru, ile darasa ya sisi wazee. Ofisa ametoka Kericho na tai yake kutusomea nani amesoma nini tangu Januari.

Akaita, "Janeffer Chepchirchir! Amemaliza Injili ya Luka mwezi wa tisa. Njoo uchukue cheti, mama!"

Mke wangu, Masese. Yule ulinisaidia kuzika mwezi wa tano.

Mwezi wa tisa!

Kumbe mwalimu Isaiah hajawahi kufungua daftari zetu. Alijijazia tu ripoti kwake akikunywa chai. Mimi niko hai, na ameniandika "mvivu".

Nikasimama na daftari ya Janeffer, ile natembea nayo. Nikasema, "Andikeni ukweli. Alifika mlango wa saba wa Luka, akaandika 'kesho naendelea'. Hapo ndipo alifika."

Unajua ofisa alinijibu nini?

"Pole mzee, lakini hiyo itaharibu ripoti."

Itaharibu ripoti! Janeffer alikufa bila kuomba ruhusa, Masese, akawaharibia wakubwa ripoti yao.