Chef wa internet

Élodie, uko wapi? Mi sielewe hii nyumba ya Bagira nilihamia!

Technicien wa internet, ule bailleur wangu Papa Zagabe, mwenye nyumba, alinitumia, ananiambia kuunganisha ni dola mia mbili. Mia mbili, juu ya kamba ya internet tu!

Nikasema apunguze. Anasema hapana, mpaka chef wake wa bureau ya Nyawera, kule mbali mu ville, akubali. Anamupigia, anaweka haut-parleur nisikie na mimi.

Chef: "Maman, bei ni ile ile."

Palepale jogoo ikawika mu telefone. Na ikawika nyuma ya ukuta wetu! Jogoo moja, Élodie, sauti moja!

Nikaenda polepole, nikachungulia nyuma ya ukuta.

Papa Zagabe iko anakalia kiti yake, telefone ku sikio: "Sisi huku ku bureau hatupunguzake, maman."