Karatasi ya Daktari kwa Ajili ya Baba

Namswea,
12 Agosti 1976

Kwa Kaka Pankras,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mbamba Bay, wewe na wifi Zita na watoto. Huku tunachuma kahawa, baridi ni kali. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo, hapana.

Wiki iliyopita nilirudisha blanketi ambalo hospitali ilimwazima Baba kabla hajafariki. Daktari Othmar akanipa pole, kisha akaniuliza kwa nini hatukumpeleka Baba Dar es Salaam mwaka ule wa kuhamia kijijini, wakati yeye alishaandika karatasi ya kumpeleka hospitali kubwa huko. Nikauliza karatasi gani. Akasema alimpapasa Baba chini ya mbavu za kulia akakuta kigumu kidogo, na Baba mwenyewe hakuwa anaumwa popote. Kansa ya ini huja hivyo, alisema. Ini huchakaa miaka mingi, kwa ugonjwa wa manjano wa zamani au kwa sumu ya ukungu wa mahindi, ndipo uvimbe unaota. Ukionekana mapema huweza kukatwa. Tumbo likishajaa maji, kama tulivyomwona Baba, basi tena.

Karatasi alikukabidhi wewe, Kaka. Nawe ukatuambia kwa kinywa chako kwamba Baba ana minyoo tu! Najua uliogopa nini. Ulikuwa katibu wa chama, unahamisha watu, na baba yako angeonekana amekwepa kuhama. Ungeniambia mimi, ningembeba hata mgongoni. Nilikuamini kuliko padre.

Unajua kwetu mahindi yenye ukungu hayatupwi, ni ya pombe. Nimeipika mimi miaka yote, na Mama naye amekunywa. Daktari akataka amwone. Juzi amempapasa, akampima damu. Naye anacho kigumu kile, Kaka. Bado ni kidogo.

Karatasi ya safari hii ninayo mimi. Kesho tunapanda gari la Songea, na hadi unasoma haya tutakuwa tumefika Dar. Nimechelewesha kukuandikia makusudi.

Nami nimesema uongo. Mama alikataa kuondoka bila idhini yako, kwa kuwa sasa wewe ndiye mkubwa wa nyumba. Nikamwambia umekubali, tena ni wewe uliyemtafuta daktari. Akalia kwa furaha. La Baba sijamwambia.

Anakusalimu sana. Anasema Mungu akuzidishie, kwa jinsi unavyowatunza wazazi wako.

Mimi mdogo wako,
Hilaria