Supu ya Mzazi na Kidole cha Baba Vero

Jumatatu, 3 Februari 1975

Salamu kwanza. Mwalimu wa kisomo cha watu wazima alisema tuandike kila siku, herufi zisitoroke, na mimi sijui kuandika ila barua. Basi daftari, hujambo. Sisi hapa Kirumba hatujambo. Baba Vero hajambo, yuko bandarini anapakia magunia. Tereza hajambo, yuko shule, kiatu kimemtoboka tena. Jirani Mama Koku wa Bukoba hajambo, na mdomo wake haujambo. Kuku hawajambo ila yule mweupe. Vero, mwanangu wa kwanza, yuko Nansio, ng'ambo ya ziwa, kwa mumewe, ana mimba ya kwanza. Yeye sijui kama hajambo. Roho yangu iko huko.

Leo nimegeuza dagaa mchangani Mwaloni, wanakoshusha samaki, tangu asubuhi. Wamekauka vizuri, wanalia wakishikwa. Nimemtengea Vero gunia dogo. Supu ya dagaa ndiyo inaita maziwa. Mama mkwe wake ni marehemu, kwa hiyo wa kumkanda akijifungua ni mimi, hakuna mwingine. Mwisho wa mwezi huu lazima niwe kule.

Naogopa. Mimba ya kwanza haina mwenyeji.

Jumapili, 9 Februari

Wakwe wamekuja kutoka Nansio na mbuzi. Wamesema Vero anakula, analala, miguu imemvimba kidogo. Hiyo kidogo imenikaa kifuani.

Maini na figo ni haki ya baba wa binti. Baba Vero amekula yote, na utumbo pia, na pombe ya mtama juu yake. Amefurahi mpaka amecheza. Halafu akaketi anakuna kidole gumba cha mguu wa kulia. Anasema kama sisimizi wanapita ndani. Tukacheka.

Jumatatu, 10 Februari

Hakwenda kazini. Tangu tuoane sijaona hilo.

Kidole kimevimba, chekundu, kinang'aa kama nyanya. Kina moto, unausikia kabla hujakigusa. Nilimfunika kanga, akapiga kelele. Kanga! Mtu anayebeba gunia la pamba mgongoni analizwa na kanga. Nimekaa nakitazama. Kidole kidogo vile kumwangusha mtu mkubwa vile.

Hakugonga popote. Hakuumwa na kitu.

Jumanne, 11 Februari

Nimemkanda kwa maji ya moto na chumvi, asubuhi na jioni. Analia, mimi nakanda. Najua kukanda, nimekanda wazazi wengi waliojifungua mtaa huu. Nimempikia supu ya dagaa nzito na pilipili manga apate nguvu. Amekunywa bakuli zima.

Mama Koku alichungulia mlangoni. Akamwona kalala, shuka limeinuliwa, bakuli mkononi. "Hongera, Baba Vero! Umejifungua mtoto gani?"

Baba Vero akasema, "Kidole. Na kinafanana na wewe."

Tumecheka sote. Usiku sikucheka.

Alhamisi, 13 Februari

Kimezidi. Sasa mguu mzima mpaka kifundo. Nimeongeza maji yawe moto zaidi. Nimeongeza supu.

Mwanamke mmoja kisimani kasema ndugu yake alianza hivihivi, kidole tu, na hospitali wakakata mguu. Hakuulizwa. Alisema tu, akajitwisha ndoo yake akaenda. Nimerudi na ndoo nusu, nusu nyingine imemwagika njiani.

Kuli mwenye mguu mmoja ni nini? Na mimi nitavukaje kwenda kwa Vero nimwache mtu asiyefika chooni?

Sijamwambia. Lakini amenitazama usoni, amejua kuna kitu.

Ijumaa, 14 Februari

Tumempeleka zahanati kwa mkokoteni wa maji. Aliona aibu, akajifunika uso na kofia.

Mganga ni kijana, mtoto wa kumzaa kabisa. "Shikamoo mzee." Akapiga magoti akakitazama kidole bila kukigusa. Hapo nikampenda. Akauliza kilianzaje, alikula nini. Nikamweleza mbuzi. Nikamweleza na dawa yangu, kwa fahari: maji ya moto, supu ya dagaa asubuhi na jioni.

Akasema taratibu, "Mama, unamwuguza kama mzazi."

Kumbe ni jongo. Mguu si wa kukatwa. Nililia palepale, Baba Vero akanikanyagia kanga kwa mguu wake usiouma ninyamaze.

Kijana akatueleza. Kuna taka ndani ya damu. Figo zikishindwa kuitoa, inaganda kwenye kiungo, inakuwa chembechembe za chumvi zenye ncha kama sindano. Maini, figo, utumbo na pombe vinaizidisha. Na dagaa pia. Dagaa! Na kukanda kwa moto ni kuchochea moto.

Amempa vidonge. Kasema apumzike, mguu uwe juu, kitambaa cha maji baridi, na anywe maji, maji, maji.

Chumvi inaota ndani ya mtu. Miaka yote natia chumvi kwenye sufuria kwa kiganja changu hiki, sijawahi kuwaza kwamba mwili nao una sufuria yake, na unaweza kukosea kipimo.

Jumamosi, 15 Februari

Nimewaza dagaa. Ndio wamemsomesha Vero. Ndio walionunua bati. Nimewageuza mchangani mpaka viganja vyangu vina rangi yao. Na ndio niliokuwa namchomea nao mume wangu, bakuli kwa bakuli, kwa mapenzi.

Jambo hili ni kubwa kuliko mimi.

Jumapili, 16 Februari

Habari ya maji. Baba Vero hanywi maji. Anakunywa chai, anakunywa pombe. Maji, anasema, ni ya ng'ombe. Ziwa lote hili liko mbele ya mlango wetu, halina mwisho wa macho, na mtu ndani ya nyumba amekauka kama dagaa wangu.

Nachemsha, napoza kwenye mtungi, namkabidhi kikombe, nasimama mpaka amalize.

"Mama Vero, utanizamisha nchi kavu."

"Kunywa, ng'ombe wangu."

Amekunywa.

Jumatatu, 17 Februari

Mama Koku kaleta mchaichai wa kwake na tangawizi. Tunachemsha pamoja, tunakamulia ndimu. Sukari hakuna dukani, na kijana wa zahanati alisema afadhali. Jioni maji ya ukwaju. Nyumba inanukia kama harusi. Chakula ni ugali, mchicha, maziwa.

Nilimwuliza yule kijana kuhusu majani haya. Kasema hayana ubaya, yatamnywesha maji bila ugomvi, ila vidonge visiachwe. Mama Koku alinuna kidogo. Kwao Bukoba mchaichai unatibu kila kitu isipokuwa uvivu.

Kitambaa cha maji baridi ndicho kilichonishangaza. Nakiweka, Baba Vero anafumba macho, uso unalegea kama wa mtoto aliyebembelezwa. Mikono yangu ilikuwa inataka kukanda. Nimeikalia.

Jumatano, 19 Februari

Wekundu umepungua. Ngozi ya kidole inabanduka kama ya nyoka. Shuka likigusa anavumilia. Amefika chooni kwa fimbo! Nimepiga kigelegele, Tereza akaona aibu.

Ijumaa, 21 Februari

Nimekasirika. Naandika nimekasirika.

Jana makuli wenzake walikuja kumpa pole. Walileta utumbo na kibuyu cha pombe, ndiyo desturi, mgonjwa haendewi mikono mitupu. Nikawapokea vizuri, utumbo nikaupeleka kwa majirani. Kibuyu sikukiona. Wamempa nilipokuwa nje. "Kidogo tu, Mama Vero, cha heshima."

Leo kidole kimewaka upya.

Na leo hii mtu wa meli kaleta neno kutoka Nansio. Tumbo la Vero limeshuka. Anauliza mama yuko wapi.

Niko hapa, mwanangu. Niko katikati ya maji, ninyi mmoja huku, mmoja kule.

Jumamosi, 22 Februari

Sikusema naye asubuhi nzima. Nilimpa maji bila neno. Hilo limemwuma kuliko kidole.

Mchana akaniita. Akasema amesikia neno la mtu wa meli, ukuta si mnene. Akasema, "Nenda kwa mtoto." Nikamwuliza nimwache na nani, na makuli? Akamwita Tereza alete kile kibuyu chini ya kitanda. Kilikuwa bado na nusu. Akamwambia akamwage kwenye mchicha.

Mtu yule hamwagi hata maji ya kunawia.

Nimeweka kitambaa kibichi juu ya kidole, taratibu, na yeye ameweka mkono kichwani kwangu.

Jumanne, 25 Februari

Joto limepungua tena, upesi kuliko mara ya kwanza. Amesimama bila fimbo, ameshika ukuta tu. Nimefunga kapu. Nimemfundisha Tereza: mtungi usikauke, vidonge baada ya ugali, dagaa baba awaone mchangani tu. Mama Koku ameapa atalinda mlango. "Kuli akipita na kibuyu, nitamvunjia kichwani." Namwamini.

Jumatano, 26 Februari

Nimo melini. Herufi zinacheza.

Amenisindikiza mpaka bandarini. Mguu wa kushoto kiatu, wa kulia kandambili aliyoikata mbele, kidole kikiangalia barabara. Mimi kapu na gunia la dagaa, yeye amebeba sufuria yangu ya kukandia, hakukubali niichukue. Tulikwenda polepole, wazee wakatupita. Makuli wakamwona. Mmoja akapaza sauti, "Mzazi ametoka arobaini!" Akajibu, "Njooni muone mtoto, lakini msimguse!"

Amesimama pale mpaka meli ikageuka nyuma ya mawe. Sikuona kama ameegemea kitu. Nadhani hakuegemea.

Maji pande zote sasa. Ni hayahaya ya mtungini.

Jumapili, 2 Machi. Nansio

Vero amejifungua jana alfajiri, mtoto wa kiume. Wote wazima. Nimeandika wote wazima, narudia kuisoma.

Nimemkanda kwa maji ya moto. Analia kidogo, halafu analegea, anasinzia. Nimempikia supu ya dagaa na pilipili manga, na maziwa yamekuja leo, mengi. Mikono ni ileile. Sufuria ni ileile. Huku inaponya, kule ilikuwa inaunguza. Nani aligawa hivi? Nilitaka kumwuliza Vero, yeye amesoma, lakini alikuwa amelala.

Mtoto nimemshika mguu. Kidole gumba ni kama punje ya kunde. Nimekipuliza.

Mtu wa meli kaleta neno la Baba Vero: "Mwambieni ng'ombe wake anakunywa." Nimecheka mpaka nikafuta macho.

Ziwa limetulia leo. Kirumba haionekani, najua tu iko upande gani.

Sijui kumaliza ila kama barua. Basi wewe kidole uliyebaki Kirumba, pokea salamu za mjukuu wako. Safari ile ulituma sisimizi kutuambia, tukacheka. Ukisikia tena wanapita, hata mmoja, usinyamaze. Mwambie mwenyewe Baba Vero anywe maji, na mimi niletewe habari upesi, kwa meli ya kwanza.