Danzoni ya Zenaida

Manzanillo, 3 Februari 1954

Mpenzi Baba Zenaida,

Sasa hivi mwanao amekata shina la jani la papai, amelipuliza kwa mashavu yote, kisha ameniinamia kama unavyowainamia watu jukwaani na filimbi yako. Mama yako kacheka: "Na huyu naye ataniacha aende Havana!"

Hujambo huko? Kifua kimepona? Sisi wazima. Nauliza tu, ile ngoma ya danzoni uliyomwahidi mtoto alipozaliwa? Kinyozi umemtungia yake, hata chama cha wafunga sigara kina yao, na kila ikipigwa wanatajwa. Zenaida anatimiza miaka mitatu, yake bado. Na chumba cha kutuweka huko umepata? Hata kidogo, tutajibana.

Mkeo,
Mama Zenaida

Havana, 1 Machi 1954

Mke wangu,

Salamu kwenu nyote. Kifua hakijambo. Okestra yangu inagombaniwa, watu wanacheza mpaka barabarani. Vyumba hapa ni balaa, usije kwanza. Jumapili ya tarehe ishirini na moja tunapiga danzoni mpya redioni. Ya Zenaida haijakaa sawa, sitaki kumpa kitu kibovu.

Mumeo,
Baba Zenaida

Manzanillo, 23 Machi 1954

Baba Zenaida,

Natumaini u mzima. Sisi tupo.

Uliposema ya Zenaida haijakaa sawa, nilijua unatuficha, unataka tushtukie redioni. Nikaalika mtaa mzima. Watu walikuja na viti vyao, Zenaida nikamvalisha gauni jeupe. Mtangazaji akasema: "Danzoni hii ni ya Mireya, binti mchanga wa kiongozi wa okestra hii. Mama yake tunaye hapa studio."

Mama yako aliinuka akazima redio. "Imechoka hii," akasema. Kila mtu akabeba kiti chake. Zenaida akaniuliza, "Mama, yangu imeisha?"

Labda mtangazaji alichanganya karatasi. Wewe mwenyewe hukusema, ni yeye. Usiku natandika upande wako vilevile. Leo asubuhi mama yako katoka, karudi na tiketi tatu za basi la Havana. Sikumtuma. Nikamwambia umesema tusije. Akasema, "Mimi hakuniandikia hivyo."

Sitaki ugomvi, Baba Zenaida. Nataka umtazame mtoto usoni, kisha uniambie kama mimi bado ni

Ngoja, mama yako ananiita. Anasema niache kuandika, nimfunge mtoto viatu, maana basi la