Futi Thelathini za Barabara

Mpendwa Wambui,

Pokea salamu zetu kutoka Nyeri. Mimi niko na nguvu, na baba yako Kamau ameuza maziwa vizuri mwezi huu.

Umeuliza kwa nini barabara yetu ni pana kuliko zote mtaani. Ni mimi niliyeipima. Tulipogawiwa mashamba baada ya uhuru, wenzangu waliacha kinjia cha ng'ombe tu. Mimi nilitoa futi thelathini katika shamba langu, mahali ambapo ningevuna viazi kila msimu.

Gitau, jirani wa shamba lililo nyuma ya langu, alicheka. "Mama Kamau, ati ndege itatua hapa?"

"Cheka tu. Hapa patajengwa nyumba, na lori la mawe halipiti kwa futi sita."

Gitau akaona ardhi imelala bure, akapanda mahindi humo. Nikayang'oa yote.

Leo ni ploti na magorofa kila upande, na wana wa Gitau wameiita barabara yangu jina la baba yao! Hakuna aliyeniuliza.

Wiki jana Gitau aliugua. Gari la wagonjwa lilipenya kwa shida katikati ya magari ya wapangaji yaliyoegeshwa pande zote mbili hadi mlangoni kwake. Akiwa kwenye machela alinishika mkono.

"Mama Kamau," akasema, "si ungeacha futi arobaini?"

Shosho wako,
Wangari